Shairi lisilo na funzo lipewe alama ngapi? Mwongozo kwa majaji wa matamasha ya shule

Mwanafunzi ameshuka jukwaani. Jaji wa kwanza anawageukia wenzake: "Sasa hili linatufundisha nini?" Wa pili anaongeza: "Na watu wameelewa kweli?" Shairi limeshaanguka hata kabla kalamu haijagusa karatasi.

Mwongozo huu ni wa majaji wa mashairi na maigizo ya Kiswahili katika shule za Uganda. Tangu Baraza la Mawaziri liamue mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima, majaji wanahitajika wengi, na wengi wao ni walimu waliofundishwa sarufi lakini hawakufundishwa kupima kazi ya sanaa. Msimamo wetu tuuseme mapema. Kazi nzuri hailazimiki kubeba funzo la maadili, wala hailazimiki kueleweka papo hapo. Ila jaji anayekubali hilo bila kuwa na kipimo kingine mkononi atatoa alama kwa kubahatisha, na hiyo ni dhuluma kubwa zaidi kwa mtoto.

Maswali yale mawili yana asili yake, na tusiyadharau. Matamasha mengi huwa na mada iliyochaguliwa na mdhamini: usafi, misitu, ndoa za utotoni, Ukimwi. Enzi Ukimwi ulipokuwa unafagia familia nzima, wimbo na igizo vilifika vijijini ambako daktari hakufika. Lakini angalia jinsi kazi iliyogusa watu ilivyofanywa. Mwanamuziki Philly Lutaaya alipojitangaza mwaka 1989 kuwa ana virusi, mtu maarufu wa kwanza Uganda kufanya hivyo, wimbo aliouacha haukuwa orodha ya maonyo. Uliimba upweke na hofu ya mtu mmoja. Msikilizaji alijionea mwenyewe la kufanya.

Tenganisha vipimo viwili

Kosa la kwanza la majaji ni kuchanganya "kuinua maadili" na "kueleweka" kana kwamba ni kitu kimoja. Al-Inkishafi, utenzi uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kuhusu magofu ya Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya, ni mawaidha matupu: dunia inapita, ewe moyo zinduka. Hata hivyo Kiswahili chake cha kaskazini humtoa jasho hata mwalimu wa chuo. Kwa upande mwingine, nyimbo nyingi za harusini zinaeleweka na kila mtu na hazina funzo lolote zaidi ya furaha na utani. Basi kila kazi iulizwe maswali hayo mbalimbali, na jibu la moja lisiingizwe kwenye jingine.

Mtu aliyeyaunganisha kwa nguvu kuliko wote ni Lev Tolstoy, mwandishi wa Urusi, katika kitabu chake kuhusu sanaa kilichotoka 1897 na 1898. Kwake, kusema kazi ni nzuri ila watu wengi hawaielewi ni sawa na kusema chakula ni kizuri ila watu hawawezi kukila. Hoja hiyo ilimfikisha mbali: aliikataa Simfoni ya Tisa ya mtunzi wa muziki Beethoven, na katika kazi zake mwenyewe akabakiza hadithi fupi mbili tu. Tunamheshimu kwa kuwa hakujipendelea. Lakini mfano wa chakula unamgeuka. Mtu wa Masaka anayeonja malakwang, mboga chachu ya Waacholi wa kaskazini, kwa mara ya kwanza hukunja uso kwa uchachu wake. Mwacholi aliyekulia nayo huiomba. Ulimi hufundishika, na sikio vilevile.

Karatasi ya alama

Iandaeni angalau wiki moja kabla ya tamasha, na shule zote zipewe nakala. Mada ya mdhamini iwe sharti la kuingia tu: imeguswa, au haikuguswa. Isipewe alama. Ukiipa alama 20, kila shule itapachika "Tuache tabia mbaya" mwishoni ili izipate.

Alama 100 tunazigawa hivi:

- Umbo na sauti, 30. Kwa shairi la kimapokeo, hesabu mizani na vina kwa vidole, usikisie. Kwa shairi huru, tazama kama mstari umekatwa mahali penye sababu.
- Picha na undani, 30. Kuna kitu kinachoonekana, kinachonukia, kinachogusika?
- Ukweli wa hali, 25. Mambo yangeweza kutokea hivyo? Watu wanasema kama watu?
- Uwasilishaji, 15. Sauti, pumzi, macho.

Kipengele cha tatu ndicho kinachobeba uzito wa maadili, na tunakisisitiza sana. Chukua igizo kuhusu ndoa za utotoni. Baba anayemwoza binti yake wa miaka 14 mara nyingi huchezwa kama mlevi anayepiga kelele na kuyumba. Watoto hucheka, wazazi hucheka, na hakuna baba hata mmoja ukumbini anayejiona pale jukwaani. Mpe baba huyohuyo akili timamu, ada za watoto wanne zisizolipwa na ng'ombe wanane wanaosubiri kwa mkwe, na ukumbi utanyamaza. Igizo la pili halijasema "ndoa za utotoni ni mbaya" hata mara moja. Hilo ndilo lipate 22 kati ya 25, na la kwanza lipate 8.

Kusoma mara tatu

Majaji wapate maandishi ya mashairi jana yake. Shairi la beti tano hadi nane husomwa kwa sauti kwa dakika mbili au tatu, kwa hiyo mashairi ishirini hayazidi saa moja kwa mzunguko mmoja. Mara ya kwanza soma kimya bila kalamu. Mara ya pili soma kwa sauti, ukipiga mstari chini ya neno linalokukwaza. Mara ya tatu ni siku yenyewe, ukimsikiliza mtoto, karatasi ikiwa imefunikwa. Ukiruka hatua ya kwanza, utaanza kusahihisha kabla hujasikia. Hilo ni gonjwa la walimu wote.

Ugumu unafanya kazi gani?

Ukikuta shairi gumu, usiandike "halieleweki". Andika ni ugumu wa aina gani, maana kila aina ina dawa yake.

Upo ugumu wa msamiati. Huu ni wa kamusi tu. Hapa Uganda unatupotosha kuliko kwingineko, kwa sababu Kiswahili hakijaenea sawasawa: kimezoeleka West Nile, katika kambi za jeshi na miji ya mipakani kuliko Buganda ya kati. Neno ambalo mtoto wa Arua analitumia sokoni litamshinda mwenzake wa Mukono. Ukumbi ukikaa kimya, huenda tatizo ni la ukumbi. Ruhusu kila shule isome orodha ya maneno yasiyozidi manane kabla ya kuanza, kila neno na maana yake fupi. Wasiruhusiwe kueleza shairi lenyewe, maana wakishalieleza hakuna atakayelisikiliza.

Upo ugumu wa fumbo, uliokusudiwa. Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa masimulizi ya Waswahili, akiwa kifungoni alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake kwa ushairi: apike mkate, na katikati aweke tupa ya kukerezea pingu. Walinzi walisikia wimbo. Mama alisikia agizo. Shairi lile lingeeleweka kwa wote, mtunzi wake asingetoka. Uganda nayo ina kumbukumbu yake. Wakati wa Idi Amin, mwandishi wa maigizo Robert Serumaga na kikundi chake cha Abafumi waliegemea mwili, ngoma na milio kuliko maneno, kwa kuwa neno lingeweza kunukuliwa mbele ya askari. Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, katika igizo lake alitumia kisa cha jogoo, kwa Kiganda ambacho kila mtu alikifuata. Alichukuliwa na kuuawa mwaka 1977. Anayedai kila kazi iwe wazi kwa wote akumbuke kwamba neno "wote" humjumuisha na mlinzi wa gereza.

Upo ugumu wa jambo lenyewe: huzuni isiyo na jina, kumpenda mtu aliyekuumiza. Mtunzi hawezi kukirahisisha kitu hicho bila kukidanganya.

Na upo ugumu wa uzembe. Mtoto amerundika maneno mazito, "giza la nafsi", "upepo wa hatima", akitumaini jaji ataogopa kukiri kwamba hajaona kitu. Huu ndio wa kupunguziwa alama. Kuutambua si kazi: majaji watatu, kila mmoja peke yake, waandike kwa sentensi moja nani yuko wapi na nini kinatokea. Wakikubaliana juu ya kinachotokea lakini wakatofautiana juu ya maana yake, shairi ni zima. Wasipoweza kusema hata kinachotokea, rudini kwenye maandishi mara moja zaidi, kisha punguzeni kwenye Picha na undani, wala msipunguze kwingine.

Kufunika ubeti wa mwisho

Kwa upande wa funzo, kipimo ni kipande cha karatasi. Funika ubeti wa mwisho na usome tena. Kama shairi limebaki na uhai, funzo lile lilikuwa pambo na unaweza kumshauri mtunzi aliondoe. Kama hakuna kilichobaki, shairi lilikuwa tangazo.

Tulinganishe mishororo miwili miwili juu ya mada moja, kulinda ziwa. Yote ina mizani kumi na sita na vina vya kati na mwisho. Ya kwanza:

*Vijana tuhifadhini, ziwa letu la thamani,*
*Taka tusizitupeni, ni hatari maishani.*

Ya pili:

*Wavu umeshatolewa, chupa tisa na sangara,*
*Mama chupa kachukuwa, kwa mafuta, biashara.*

Kwa umbo zinalingana, mpe kila mmoja 26 kati ya 30. Kwenye picha, ya kwanza ni tupu: hakuna mkono, hakuna maji, na "thamani" na "hatari" zingekaa vilevile kwenye shairi la msitu au la barabara. Katika ya pili, tazama hesabu. Chupa zimehesabiwa, tisa. Sangara, ambaye wavuvi wengi wa Uganda humwita mputa, yuko peke yake na hana haja ya kuhesabiwa. Kisha mama anaanza na chupa, anamwacha samaki. Taka za ziwa zimekuwa vyombo vya kupimia mafuta ya kuuza. Mshororo huo unavuruga mada ya mdhamini, kwa sababu uchafu uleule ndio unaolisha nyumba, na mtunzi hakukimbilia kutuambia tumlaumu nani. Hapo ndipo jaji mchovu huandika "Funzo halijitokezi". Sisi tungeupa 27 kati ya 30 kwenye picha, na ule wa kwanza 7.

Tusikosee upande wa pili lakini. Shairi lenye mawaidha halikosi ubora kwa kuwa na mawaidha. Al-Inkishafi inaonya kwa nguvu zote, na hailegei kwa sababu kabla ya kuonya imekuonyesha kumbi za matajiri ambamo sasa popo na makinda ya ndege ndio wenyeji. Ngonjera, yaani shairi la majibizano, nayo kwa asili yake ni ya kufundisha. Usimpunguzie mtoto kwa kufuata kanuni za utanzu wake.

Yanayoharibika mezani

Tofauti ya alama kati ya majaji ikizidi 10, msikimbilie wastani. Mmoja akitoa 85 na mwingine 45, wastani ni 65, alama ambayo hakuna aliyeiamini. Kila mmoja asome kwa sauti mshororo uliomfanya atoe alama ile. Mara nyingi mmoja hakuuona.

Kabla ya kazi, jizoezeni kwa dakika kumi na picha ya mnara wa uhuru uliochongwa na Gregory Maloba, uliopo katikati ya Kampala tangu 1962. Umbo la mtu linamwinua mtoto juu, na mikono ya mtoto iko angani. Kila mtu atasema "uhuru" papo hapo. Kisha ulizeni: na hiyo mikanda iliyouzungushia mwili wa anayeinua ni nini? Mmoja ataona kamba za ukoloni, mwingine nguo ya mama. Jaji akishaona kwamba kazi rahisi namna hii ina chumba cha ndani asichokijua, ataliendea shairi gumu kwa subira zaidi.

Malalamiko ya wazazi kuhusu kazi yenye kiza, tuseme igizo la mtoto anayemchukia baba aliyekufa, yajibiwe kwa uangalifu. Umri wa watazamaji ni jambo la ratiba. Igizo hilo lichezwe mchana kwa sekondari, wakati watoto wa P3 (darasa la tatu la msingi) wameshaenda kula. Alama zake zisiguswe.

Mwisho, kila mwanafunzi apewe kijikaratasi chenye sentensi mbili: mshororo mmoja uliofanya kazi, umenukuliwa neno kwa neno, na mmoja uliolegea na sababu yake. Maneno "Jitahidi zaidi" na "Funzo zuri" yapigwe marufuku kwenye kijikaratasi hicho. Jaji akishindwa kuukumbuka hata mshororo mmoja wa kunukuu, arudishiwe shairi alisome upya kabla alama hazijatangazwa.