Kabla hujapika bia nyumbani Arusha, yajue maji yako

Kimea unaweza kubadilisha, chachu unaweza kuagiza, lakini maji ni yale yale ya bomba lako, na ndiyo sehemu kubwa ya bia. Yapime kabla hujawasha jiko.

Ulizia chanzo. Arusha mitaa miwili inayopakana inaweza kupata maji tofauti kabisa, mmoja ya chemchemi, mwingine ya kisima kirefu. Ukihama nyumba, pima upya. Masika yakiingia, pima tena.

Tope liache litulie, kisha chuja. Tenki lisafishwe. Klorini itoe: acha maji usiku kucha kwenye ndoo pana isiyofunikwa, au yachemshe dakika 15 hadi 20. Ukiiacha, bia itanuka dawa ya hospitali, na hapo hakuna kuikomboa.

Sasa hili la kuchemsha ndilo linalowaponza watu. Kijana mmoja wa Kibosho ninayemfahamu alikuwa akipika bia safi sana kwao. Maji ya chemchemi za Kilimanjaro ni mepesi, hayakumsumbua. Akapata kazi Arusha, akapanga upande wa Usa River kwenye nyumba yenye kisima. Bia ikaanza kukwaruza kooni kama chai iliyosahauliwa jikoni na majani yake. Akalaumu chachu, akabadilisha. Akalaumu kimea, akaagiza kingine. Mwisho akaamua maji ni machafu, akawa anayachemsha muda mrefu kabla ya kuloweka kimea. Bia ikazidi kuharibika, na mshahara ukawa unamwagwa shimoni. Iliniuma kumwona anakaribia kuacha kabisa.

Maji ya chokaa, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, kuchemsha huyasaidia. Kalsiamu hushikana na baikabonati, ikatulia chini, na alkali, yaani uwezo wa maji kupinga asidi, ikapungua. Lakini maji mengi ya visima vya miteremko ya Meru si ya chokaa. Miamba ya volkano imeyajaza sodiamu na baikabonati. Ukiyachemsha hakitulii kitu. Baikabonati inageuka kabonati ya sodiamu, ambayo ndiyo magadi. Kijana wa watu alikuwa anatengeneza magadi kwenye sufuria, halafu analoweka kimea humo humo. Kimea kikilowekwa kinataka pH, kipimo cha uasidi ambacho kikipanda uasidi hupungua, ya 5.2 hadi 5.6. Ikikaribia 6, maganda ya shayiri yanaachia ukakasi, na chachu haina kosa lolote hapo.

Halafu kuna floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, na hiyo si habari ya ladha tena. Meno ya kahawia tumeyaona wote huku kwetu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vipo visima vya Meru vinavyopita 10. Moto hauiondoi. Chemsha lita 30 zibaki 20, na maji yaliyokuwa na miligramu 2 kwa lita sasa yana 3. Haionekani, hainuki, na kile kipimo cha kalamu kinachosoma jumla ya madini hakiwezi kuitofautisha. Kwa hiyo peleka sampuli maabara ya maji. Omba wakupimie floraidi, alkali, kalsiamu, sodiamu, kloridi na salfeti. Alkali peke yake unaweza kuifuatilia nyumbani kwa karatasi za kupimia maji ya bwawa la kuogelea.

Majibu yakija mabaya, usikimbilie asidi. Punguza kwanza kwa maji ya mvua. Nusu kwa nusu, floraidi na alkali zote zinashuka karibu nusu. Mvua za mwanzo ziache zioshe bati, ndipo ukinge. Chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimelifanyia kazi miaka mingi, linaondoa floraidi lakini alkali linaiacha, kwa hiyo lisikupe imani kwamba umemaliza.

Alkali iliyobaki ndiyo ya asidi ya laktiki. Mililita 1 ya ile ya asilimia 88 kwenye lita 20 za maji inaondoa takriban miligramu 35 za baikabonati katika kila lita. Tia kidogo, koroga, pima, ndipo uongeze. Ukihitaji nyingi mno bia itakuwa na ladha ya uchachu, basi rudi kwenye maji ya mvua. Maji hayo nayo hayana kalsiamu ya kutosha: gramu 5 za jasi kwenye lita 20 huongeza takriban miligramu 58 za kalsiamu kwa lita, na kimea kinahitaji kama 50 hivi kufanya kazi vizuri. Iwe jasi ya chakula. Ile ya dari usiiguse hata kidogo.

Andika kila ulichotia, na kiasi chake, siku ile ile. Ndoo iliyobeba dawa ya shambani isiingie kwenye kazi hii, hata ukiisugua namna gani. Asidi iweke juu, watoto wasifikie. Usijaze chupa kabla chachu haijamaliza kazi, chupa hupasuka. Na kama unafikiria kuuza, ulizia leseni kwanza.