Jinsi ya Kutumia Amitriptilini kwa Usalama

Amitriptilini ni dawa ya sonona iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1961, na hadi leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo, wapo watu jijini Dar es Salaam wanaoimeza kila usiku bila kuwa na sonona, kwa sababu waliandikiwa kwa ajili ya miguu inayowaka moto kutokana na kisukari, au kwa ajili ya kuzuia kipandauso. Mtu wa namna hiyo huihesabu kuwa dawa ya maumivu tu, na akienda kununua dawa ya mafua hasemi kwamba anaitumia. Ukimya huo ndio ninaouogopa kuliko dawa yenyewe, kwa kuwa ikitumiwa peke yake na kwa kiasi alichopanga daktari, wengi huivumilia vizuri.

Kabla ya kuanza, mweleze daktari kama umewahi kuwa na ugonjwa wa moyo, kifafa, presha ya macho, tezi dume iliyovimba, au vipindi vya uchangamfu uliopitiliza ambapo ulikaa siku kadhaa bila kulala na bila kuchoka. Aliyepata shambulio la moyo karibuni hapaswi kupewa dawa hii. Mjamzito na anayenyonyesha waseme mapema, ili daktari apime faida na hatari.

Kwa kawaida mgonjwa huanza na miligramu 10 au 25 usiku, kisha daktari hupandisha polepole. Famasi ikikupa vidonge ndani ya bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa 1×1 tu, omba jina la dawa na uzito wa kidonge viandikwe pia, maana bahasha isiyo na jina haitamsaidia mtu yeyote siku utakapougua ghafla. Ukisahau dozi ya usiku, usimeze viwili kesho yake. Jambo linalowakatisha tamaa wengi ni kwamba maudhi hutangulia na nafuu hufuata: kinywa hukauka ndani ya siku chache, ilhali sonona huanza kupungua baada ya wiki 2 hadi 4, na pengine zaidi.

Kusinzia ndiko kunakohitaji uangalifu wa kwanza. Usiendeshe bodaboda, gari wala mashine mpaka ujue dawa inavyokuchukua, na ukumbuke kwamba uzito wa kichwa unaweza kuendelea hadi asubuhi. Kinywa kikikauka, piga mafunda ya maji mara kwa mara badala ya soda, kwa kuwa mate yakipungua meno huoza upesi. Kwa choo kigumu, ongeza maji, mboga za majani na papai. Uzito unaweza kuongezeka, na mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Dawa hii pia hushusha presha mtu anaposimama, na hapa wazee ndio wanaoumia zaidi. Bibi anayeamka saa nane usiku kwenda chooni, hasa kama choo kiko uani, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ashike ukuta, ndipo asimame, na taa iwe karibu na mkono wake. Katika joto la Desemba hadi Machi mwili unaweza kushindwa kujipoza vizuri, kwa hiyo anayefanya kazi juani anywe maji na apumzike kivulini.

Hayo ni maudhi ya kuvumilia na kujadili kliniki. Yafuatayo hayasubiri tarehe ya kliniki: mkojo kuziba, jicho kuuma huku ukiona duara za rangi kuzunguka taa, moyo kudunda ovyo, kuzimia, au degedege.

Sasa niseme kuhusu dawa nyingine, kwa sababu mjini kwetu duka la dawa liko kila kona. Piriton na promethazini, ambazo ni dawa za mzio na mafua, hukausha mwili na kuleta usingizi kama amitriptilini inavyofanya, hivyo zikikutana, mzee anaweza kuziba mkojo au kuchanganyikiwa. Artane, ambayo hutolewa pamoja na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, huongeza tatizo hilohilo. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, ni hatari zaidi, kwani huongeza uwezekano wa degedege, na zikiunganika huweza kusababisha kutetemeka, jasho jingi, homa, kuhara, misuli kukakamaa na akili kuvurugika. Dalili hizo hufanana na malaria kali kwa mtazamo wa haraka, kwa hiyo pima malaria, lakini taja pia vidonge unavyomeza. Fluoksetini (dawa nyingine ya sonona), flukonazoli (dawa ya fangasi), na dawa za ARV zenye ritonaviri huweza kupandisha kiwango cha amitriptilini katika damu hata kama hujaongeza kidonge. Pombe, iwe bia au konyagi, huzidisha usingizi na kudhoofisha pumzi. Ushauri wangu ni kuiacha kabisa.

Dawa mseto ya malaria inastahili maelezo yake. Lumefantrini iliyomo ndani yake inaweza kuchelewesha mwili kuivunja amitriptilini, na dawa zote mbili zinaweza kugusa mapigo ya moyo. Kwinini, pamoja na antibiotiki iitwayo azithromisini, nazo zinahitaji tahadhari kwa sababu ya moyo. Simaanishi kwamba mtu mwenye malaria akatae mseto, kwa kuwa malaria isiyotibiwa inaua. Ninachosihi ni kwamba usinunue mseto kwa kuhisi joto tu: pima kwanza, na ukikutwa na vimelea, mwambie mhudumu kwamba unatumia amitriptilini, ili aamue kama upunguziwe dozi ya amitriptilini kwa muda au upimwe umeme wa moyo. Paracetamoli kwa kiasi cha kawaida haina ugomvi nayo.

Kwa vijana kuna onyo la pekee. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa zote za sonona ziwekewe tahadhari kwamba zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 ikaipanua hadi umri wa miaka 24, hasa wiki za mwanzo na dozi inapobadilishwa. Mzazi akiona kijana amekosa utulivu ghafla, halali, ana hasira zisizo za kawaida au anazungumzia kifo, asimwache peke yake. Ampeleke hospitali siku hiyohiyo, iwe Mwananyamala, Amana, Temeke au Muhimbili.

Usiache dawa hii ghafla kwa sababu umejisikia vizuri au vidonge vimekwisha. Kichefuchefu, kuumwa kichwa, kukosa usingizi na wasiwasi vinaweza kufuata, na mtu akadhani ugonjwa umerudi. Daktari hupunguza dozi hatua kwa hatua, mara nyingi kwa wiki 4 au zaidi, kwa hiyo rudi kuchukua dawa kabla kidonge cha mwisho hakijafika.

Mwisho ni mahali pa kuitunza. Vidonge vichache vinaweza kumuua mtoto, na mtu mzima aliyezidisha anaweza kuonekana mzima saa ya kwanza kisha moyo wake ukavurugika. Ifungie kabatini, si kwenye mkoba wala juu ya friji, na kama nyumbani kuna mtu aliyekata tamaa ya maisha, ndugu mwingine azishike na kumpa za siku moja moja. Ikitokea mtu amezidisha, usimtapishe wala kumnywesha maziwa. Mkimbize hospitali yenye wodi ya dharura hata kama anasema hajambo, na uchukue pakiti au bahasha yake, hata ikiwa tupu, ili daktari ahesabu alichomeza.