Yona na karata kumi: jinsi ya kufanya mchezo wa poka mbele ya jamaa na majirani

Kati ya michezo ya mazingaombwe ya karata inayoweza kufanywa na mtu ambaye vidole vyake havina mazoezi ya miaka mingi, mchezo wa karata kumi ndio ninaoupendekeza kwanza kwa yeyote anayetaka kuwafurahisha watu hapa Lubumbashi, iwe ni Jumapili alasiri chini ya mwembe huko Katuba au sebuleni kwa jirani umeme ukiwa umekatika. Mtazamaji mmoja anacheza poka nawe, watu wawili tu: kila mmoja anapata karata tano, na mwenye karata zinazofanana kwa namna iliyo adimu zaidi ndiye mshindi. Kila duru anapewa uhuru mkubwa kuliko duru iliyotangulia, mpaka mwisho yeye mwenyewe anaamua karata ipi iwe yake na ipi iwe yako, na bado anashindwa. Ninaupenda kwa sababu uhuru huo si wa uongo: mtazamaji huchagua kweli, wala hakuna anayemwongoza.

Siri iko katika karata zenyewe. Chukua pakiti ya kawaida ya karata 52, toa jokari, kisha tafuta nane tatu, kumi tatu na wafalme watatu. Hizo ni tisa. Ongeza karata moja isiyofanana na yoyote kati ya hizo, kwa mfano tisa ya maua. Wanamazingaombwe huiita karata hiyo Yona, kwa jina la nabii ambaye mabaharia walimtupa baharini ili dhoruba itulie, kwani yeyote atakayekuwa na Yona mkononi ndiye atakayeshindwa. Usimchague Yona kati ya ree, malkia au ghulamu, maana karata hizo hukaa akilini mwa watu. Tisa iliyo katikati ya nane na kumi hupita bila kusemwa. Zaidi ya yote, Yona asiwe nane ya nne, kumi ya nne wala mfalme wa nne, kwa kuwa hapo hesabu yote inavunjika.

Ni vema uelewe kwa nini hesabu hiyo haikosei, kwa sababu mtu anayeelewa hacheki kwa woga wala hatetemeki mikono. Mtu asiye na Yona ana karata tano zilizotoka katika makundi matatu ya karata tatu tatu. Kuna njia tatu tu za kuzipata. Akiwa na tatu za kundi moja na mbili za kundi lingine, ana fulu, na mwenzake amebaki na tatu za kundi la mwisho, moja iliyosalia na Yona, yaani tatu sawa tu. Akiwa na tatu za kundi moja na moja moja kutoka makundi mengine, ana tatu sawa, na mwenzake ana jozi mbili na Yona. Akiwa na mbili, mbili na moja, ana jozi mbili, na mwenzake ana jozi moja. Katika poka jozi mbili huishinda jozi moja, tatu sawa huzishinda jozi mbili, na fulu huishinda tatu sawa, hivyo kila mara asiye na Yona yuko ngazi moja juu. Karata tano zaweza kuchaguliwa kutoka zile tisa kwa njia 126: katika 81 utashinda kwa jozi mbili, katika 27 kwa tatu sawa, na katika 18 kwa fulu. Karata tano zenye namba zinazofuatana, au tano za alama moja, haziwezi kutokea, kwa sababu zote mbili zinahitaji namba tano tofauti na hapa namba zote kumi ni za aina nne tu.

Jambo hilo la mwisho lina faida kubwa kwetu, kwa kuwa watu wengi wa mtaani wanajua michezo mingine ya karata lakini hawajui poka, mchezo uliokomaa Marekani katika karne ya 19, kwenye meli za mto Mississippi. Huna haja ya kuwafundisha orodha nzima ya mikono, yaani mafungu ya karata tano anayoweza kuwa nayo mchezaji. Wafundishe ngazi nne tu, kutoka chini kwenda juu: jozi moja, jozi mbili, tatu sawa, na fulu, yaani tatu sawa pamoja na jozi. Ziandike kwenye karatasi na uiweke mezani, watu wote waione. Akitokea mtu anayeuliza kwa nini fulu inazipita zingine, mwambie ni kwa sababu ya uadimu wake: katika mikono 2,598,960 inayoweza kupatikana kutoka pakiti nzima, yenye jozi moja ni 1,098,240, na yenye fulu ni 3,744 tu. Usieleze zaidi ya hapo. Watu wamekuja kucheza.

Kabla ya kukaa mezani, weka karata zako kumi juu ya pakiti, zile tisa zikiwa zimechanganyika, na Yona awe wa kumi kutoka juu. Ukishakaa, sema kwamba watu wawili hawahitaji pakiti nzima, kisha hesabu karata kumi moja moja mezani zikiwa zimefunikwa, na pakiti iliyobaki iweke kando. Kule kuhesabu kunageuza mpangilio, hivyo Yona, aliyekuwa wa kumi, sasa yuko juu kabisa.

Kuna ujuzi mmoja wa mikono unaohitajika, nao ni kuchanganya. Shika karata kumi kwa mkono wa kulia, juu ya kiganja cha kushoto kilicho wazi. Kwa dole gumba la kushoto vuta karata ya juu peke yake, yaani Yona, idondoke kiganjani, kisha endelea kudondosha zilizobaki juu yake, mbili hapa, tatu pale, bila kujali. Ukimaliza, Yona yuko chini. Ukitaka arudi juu, rudia kuchanganya vivyo hivyo, lakini ukifika mwisho hakikisha karata ya chini inabaki peke yake mkononi, ndipo uiangushe juu ya zote. Ni hilo tu. Lifanye huku ukizungumza na ukimtazama mtu usoni, maana ukiziangalia karata, na wao wataziangalia.

Katika duru ya kwanza, changanya mara mbili kama nilivyoeleza, Yona ashuke kisha apande, halafu gawa mwenyewe: ya kwanza kwa mtazamaji, ya pili kwako, mpaka ziishe. Taja kanuni kwa sauti, kwamba anayegawa huanza na mwenzake, kwani utaihitaji baadaye. Funueni. Umeshinda, na hakuna anayeshangaa sana, kwa sababu wewe ndiye uliyegawa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Katika duru ya pili, changanya mara moja tu ili Yona abaki chini, kisha mpe mtazamaji karata zote agawe yeye. Kwa kanuni ile ile ataanza na wewe, na karata ya kumi, ambayo ni Yona, itamwangukia yeye mwenyewe. Hapa ndipo watu wanapoanza kusogeza viti karibu.

Duru ya tatu ndiyo moyo wa mchezo. Yona akiwa juu, mpe mtazamaji karata moja, jipe moja, kwa namna ya mtu anayeanzisha tu mchezo. Kisha ziweke nane zilizobaki mbele yake na umwambie kwa utulivu: “Papa, safari hii mkono wangu haugusi kitu. Chukua moja moja, bila kuiangalia uso, useme kama ni yako au ni yangu. Mmoja akifikisha tano, zilizobaki ni za mwenzake.” Mwache afikiri. Mwache abadili mawazo, arudishe aliyokuwa amekupa, aulize mkewe, apigiwe kelele na watoto waliosimama nyuma yake. Kadiri anavyochelewa kuamua ndivyo mshangao unavyokua, kwa kuwa Yona ameshatua kwake tangu karata ya kwanza na hakuna uamuzi wake unaoweza kubadili chochote. Mwishoni afunue zake kwanza, kisha wewe ufunue zako polepole, jozi ya kwanza, halafu ya pili.

Katikati ya duru na duru kuna hatari ambayo wengi hawaioni: kukusanya karata. Zikikaa mezani zimefunuliwa kwa muda mrefu, mtu mwenye macho makali atagundua kuwa ni nane, kumi na wafalme peke yao. Kwa hiyo mara tu mshindi anapotajwa, chukua Yona kutoka kwenye karata za mtazamaji, mtumie kama koleo kuzizoa nne nyingine, weka zako juu yake zikiwa bado zimefunuliwa, kisha geuza fungu zima. Yona sasa yuko juu, tayari kwa duru inayofuata. Kwa sababu hiyo hiyo usizidishe duru tatu, au nne watu wakishikilia sana.

Mtazamaji akiomba kuchanganya mwenyewe, usimkatalie, maana kukataa ni kukiri. Ndiyo maana inafaa kumtia Yona nukta ndogo ya penseli kwenye pembe mbili za mgongo, zinazotazamana. Baada ya yeye kuchanganya, zitandaze kidogo kana kwamba unazihesabu, itafute nukta, kisha kata fungu mahali hapo ili Yona awe juu. Kwa mwanga wa mshumaa nukta haionekani vizuri, kwa hiyo usiku usio na umeme tegemea kuchanganya kwako mwenyewe. Na ikitokea mtazamaji amejianza yeye alipogawa, Yona atakuja kwako na utashindwa duru hiyo. Mpongeze, sema sasa ni wakati wa duru ya kukata maneno, na uende moja kwa moja kwenye uchaguzi huru. Duru moja uliyoshindwa huwafanya watu waamini kuwa mchezo ni wa haki.

Karata nazo zinataka kutunzwa. Katika miezi ya mvua, karata za karatasi huvimba na kugandana, na mbili zikivutwa kama moja Yona amepotea, hivyo mwenye uwezo atafute za plastiki. Wakati wa kiangazi upepo na vumbi ndio adui, na ukiwa nje tandika kitenge kilichokunjwa mara mbili juu ya meza, kwani karata hushika vizuri juu ya kitambaa na ni rahisi kuziokota.

Chagua pia mtu wa kucheza naye kwa busara. Mzee mwenye heshima zake asishindwe mara tatu mbele ya wajukuu wake ila awe anapenda utani. Afadhali kijana anayejisifu kwa bahati, au yaya anayecheka kwa urahisi. Dau liwe njiti za kiberiti au karanga, nawe uzirudishe mwishoni. Usikubali fedha kamwe, hata mtu akikushawishi kwa faranga mia tano. Mchezo ambao mmoja hawezi kushinda, ukitiwa fedha, ni wizi, na jirani uliyemwibia hatasahau.

Ukimaliza, rudisha zile kumi ndani ya pakiti, changanya zote kwa kweli, kisha mpe mtazamaji pakiti nzima mkononi. Atazikagua moja moja akitafuta kasoro, na atakuta karata 52 za kawaida. Atakapokuomba umwonyeshe tena, mwambie itakuwa siku nyingine, na siku hiyo badilisha namba: tumia sita, ghulamu na malkia, na Yona awe saba.