Daftari la dagaa lisisomeke la sangara: kupanga namba za watumiaji kwenye Linux

Dukani kwetu Kirumba, jirani na soko la Mwaloni, tunatunza hesabu za wauza samaki kwenye mashine mbili za Ubuntu (aina ya Linux) na diski moja ya nje inayohama huku na kule. Ukichomeka diski ukaambiwa huna ruhusa, tafadhali usikimbilie `chmod 777`, inayomfungulia kila mtu kusoma na kuandika. Vijana wanaipenda mno amri hiyo, halafu kila mtu anaweza kufuta deni lake mwenyewe.

Angalia namba za wenye faili kwanza:

`ls -ln /media/diski`

Diski ya ext4 (mfumo wa faili wa Linux) haiandiki jina la mwenye faili. Inaandika namba ya mtumiaji na ya kundi. Jina hutafutwa kwenye `/etc/passwd`, orodha ya watumiaji ya mashine uliyopo. Root (msimamizi mkuu) ni 0 popote, ila watu wa kawaida Ubuntu huwapa 1000, 1001, 1002 kwa zamu ya kuandikishwa. Basi akaunti yetu ya `dagaa` ni 1001 kwenye mashine ya kaunta, na kwenye mashine ya nyuma 1001 ni `sangara`. Daftari limeshapata mwenyewe mwingine.

Dawa ni kuchagua namba moja kwa mashine zote. Andika `getent passwd 1500` na `getent group 1500`. Zikinyamaza, namba iko wazi. Toka kabisa kwenye akaunti ya dagaa, ingia kwa ya msimamizi:

`sudo groupmod -g 1500 dagaa`
`sudo usermod -u 1500 dagaa`

Ya pili hurekebisha mafaili ya nyumbani kwa dagaa upande wa mtumiaji tu. Kundi na yaliyotawanyika kwingine ni kazi yako:

`sudo find / -xdev -uid 1001 -exec chown -h 1500 {} +`
`sudo find / -xdev -gid 1001 -exec chgrp -h 1500 {} +`

Mashine ya nyuma weka namba ya zamani ya dagaa ya huko, si 1001, la sivyo utambeba na sangara.

Kwenye diski usitumie `find` hata kidogo. Mle 1001 imeandikwa na mashine zote mbili, hakuna wa kuzitenganisha ila wewe unayejua folda ni ya nani:

`sudo chown -R 1500:1500 /media/diski/dagaa`

Sangara naye mpe 1501, vivyo hivyo.

Wakitaka folda ya pamoja, unda kundi, mfano `mwaloni`, lenye namba ileile kote, kisha `sudo usermod -aG mwaloni dagaa`. Ukisahau `-a`, atang'olewa kwenye makundi yake mengine yote ya ziada. Atoke, aingie upya ndipo kundi lishike.

Flashi za FAT32 (mfumo mwingine wa faili) hazihusiki. Hazihifadhi namba hizi.