Pikipiki mpya imeanza kusumbua? Dai waranti hivi

Injini ya pikipiki mpya ikianza kuvuja oili, usikimbilie kijiweni. Fundi wa Buzuruga au Igoma hapa Mwanza huenda anaijua kazi kuliko wa wakala aliyekuuzia, ila akishafungua injini, wakala ana sababu ya kukuambia waranti imekufa.

Weka pamoja risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), kadi ya pikipiki na kitabu cha sevisi chenye mihuri. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya usukani ifanane na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Kama pikipiki ni ya mkataba, yaani unamlipa mwenye chombo kidogo kidogo, kadi haina jina lako, kwa hiyo beba nakala ya mkataba au barua ya mwenye chombo.

Sevisi ya kwanza kwa kawaida iko kati ya kilomita 500 na 1,000. Fuata kitabu chako. Bodaboda wa Nyegezi hadi Kisesa anazimaliza ndani ya wiki moja au mbili, basi asingoje mwezi uishe. Oili ile ya kwanza hutoka na unga wa chuma wa gia na ringi zinazozoeana, ndiyo maana kuiruka ni kosa ambalo wakala halisamehi.

Kisha tafuta ushahidi. Oili ikivuja, futa injini ikauke, ipoe, paka poda ya mtoto kuzunguka gasketi (kizibo chembamba kati ya vipande vya injini), endesha kilomita 5 na upige picha mahali poda ilipolowa. Ikilowa kwenye nati ya kumwagia oili tu, huenda haikukazwa vizuri wakati wa sevisi. Kwa betri tumia mita: ikipumzika usiku kucha isome volti 12.5 au zaidi. Injini ikiwaka na ukivuta mafuta kidogo, ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Ikiganda kwenye 12, chaji haifiki, na wa kushukiwa ni koili inayozalisha umeme au regyuleta inayodhibiti chaji. Redio na taa za urembo zilizofungwa kwa kukata nyaya hulaumiwa kwanza, mara nyingi kwa haki. Mlio rekodi asubuhi injini ikiwa baridi, kilomita za dashibodi zionekane kwenye video hiyohiyo.

Brekishu, cheni, balbu na sahani za klachi huhesabiwa kuwa vya kuchakaa. Lakini cheni ikilika upande mmoja kwa sababu gurudumu halikunyooka tangu dukani, dai hiyo kasoro ya gurudumu. Spoki zilizopinda kwa magunia ya dagaa ya soko la Mwaloni, au beringi zilizoingia maji kwa kuosha pikipiki ndani ya ziwa, ni juu yako.

Ukiikabidhi, dai karatasi yenye tarehe, kilomita, sahihi na malalamiko kamili. “Angalia injini” haitoshi. Iandikwe “inavuja gasketi ya silinda upande wa kushoto ikipata moto”. Wakisema kipuri kinatoka Dar es Salaam, waandike kitafika lini, na uombe siku za kulala gereji ziongezwe kwenye waranti. Anayetoka Ukerewe apige simu kabla ya kupanda meli.

Wakikuzungusha, mwandikie msambazaji mkuu ukiambatanisha nakala za hizo karatasi. Akinyamaza, zipeleke Tume ya Ushindani (FCC), inayomlinda mlaji kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.