SOMO: Kuseti shokapu na springi za pikipiki ya theluji kwa theluji nene

Wakuu, msimu uliopita nilishinda nusu siku na koleo mkononi nikichimbua theluji huko Revelstoke, Kanada. Kila nikibonyeza mafuta, mashine inajichimbia mkia. Kosa langu: niliipeleka mlimani ikiwa na seti ya njia iliyoshindiliwa. Andaa spana, futi na daftari. Andika kila kitu kilipokuwa kabla hujagusa.

Hatua ya 1. Anza nyuma. Inua bampa ya nyuma mpaka springi zinyooke kabisa, pima hadi chini. Kaa juu, pima tena. Tofauti ya 50 hadi 75 mm inatosha kwa mashine nyingi, ila kitabu cha mashine yako ndicho mwamuzi. Imezidi? Kaza springi. Imepungua? Legeza, kulia na kushoto sawasawa. Na ukae na buti, helmeti, begi na koleo, si kwa fulana gereji!

Hatua ya 2. Springi za skii, yale mabapa mawili ya mbele yanayoteleza, zilegeze kidogo. Kwenye theluji nene hukati kona kwa usukani tu, unailaza mashine ubavu, na springi ngumu za mbele zinakataa kulala.

Hatua ya 3. Springi ya katikati, iliyojificha ndani ya mkanda wa raba unaoisukuma mashine. Ukiikaza, skii zinapungua uzito na usukani unakuwa mwepesi. Ongeza kidogo kidogo.

Hatua ya 4. Mshipi wa kikomo, ule unaozuia mkono wa mbele, ulio ndani ya mkanda huo, usishuke mno. Utamu wote uko hapa. Ukiurefusha tundu moja, uzito unakimbilia nyuma ukibonyeza mafuta na skii zinaelea juu; kwenye tambarare ni raha tupu. Lakini kwenye mlima mkali pua itanyanyuka hadi ikutishe kukupindua, kwa hiyo huko ufupishe. Mimi huanzia tundu la katikati. Ukishaugusa, kagua mkazo wa mkanda wa raba, maana nao hubadilika.

Badili kitu kimoja, kazunguke, andika, ndipo uguse kingine.

MASWALI

– Mkuu, mimi mwepesi, kilo 58. Nimelegeza nyuma mpaka mwisho, bado inashuka 35 mm tu.
– Dada, hapo springi zenyewe ni nzito kwako. Tafuta laini zaidi, usilazimishe hizo.

– Asubuhi ilikuwa laini, baada ya chakula cha mchana imekuwa ngumu kama gogo. Shokapu zimekufa?
– Bado, kaka. Theluji iliyeyuka kwa joto la mashine, ukasimama kula, ikaganda kwenye springi na mikono. Vunja barafu taratibu, kisha ujaribu tena.

– Nimefuata yote, mlimani safi kabisa. Ila nikirudi njia kuu inalala kwenye kona na skii hazishiki.
– Ndiyo gharama yake. Daftari unalo?
– Sikuandika, mkuu.
– Basi anza hatua ya kwanza.