Gari la zamani linanuka petroli: uliza kwanza linanuka lini

Usianze kununua vipuri. Anza na saa ya harufu. Ikija baada ya kujaza tenki, kasoro iko nyuma. Ikija asubuhi injini ikiwa ya baridi kisha ikapotea, shuku mipira ya mafuta: mpira mkavu husinyaa kwa baridi na kuvuja, ukipata joto unajibana tena. Ikija ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa, inua siti ya nyuma kabla ya kufungua boneti. Kwenye magari mengi ya saluni ya Kijapani mfuniko wa pampu ya tenki uko hapo, na gasketi yake ikishakauka hupitisha mvuke.

Fanyia kazi nje, penye upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa la jirani, kisha moto hurudi ulikotoka mvuke. Weka karibu mtungi wa kuzimia moto wa unga. Tochi iwe ya betri. Taa ya balbu yenye waya iache.

Injini ikiwa bado ya baridi, iwashe kwa dakika mbili na umulike kuanzia filta, fuata bomba hadi kwenye nozeli (zinazonyunyizia petroli kwenye injini). Ukiona tone, zima hapo hapo. Petroli hukauka upesi, kwa hiyo tafuta alama yake: sehemu iliyooshwa vumbi, au vumbi lililogandamana likawa jeusi. Barabara za vumbi za Kigoma zinakusaidia hapa, ilimradi hujaosha injini jana yake.

Kisha chomoa kimpira chembamba cha hewa kwenye regyuleta ya mafuta, kifaa kinachodhibiti presha ya petroli. Kikiwa na unyevu wa petroli, kiwambo cha ndani (utando wa mpira) kimepasuka. Badilisha regyuleta nzima. Vuta pia kijiti cha oili ukinuse. Oili ikinuka petroli na kina kimepanda, usiendeshe: kuna nozeli inayovuja, au, kwa gari la kabureta, kiwambo cha pampu ya injini kimetoboka. Ukishatengeneza, mwaga oili yote uweke mpya. Kabureta yenyewe ikifurika, mara nyingi ni uchafu uliokwama kwenye sindano ya boya, inayofunga mafuta yasizidi.

Kubadilisha mpira ndiko watu wanakoharibu. Kwanza toa presha: injini ikiwa inazunguka, chomoa fyuzi ya pampu hadi izime yenyewe, piga stata sekunde chache, ndipo ufungue waya hasi wa betri. Gari la nozeli lina presha ya baa 2.5 hadi 3 hivi, la kabureta halifiki hata nusu baa. Mpira wa kabureta ukiufunga kwenye nozeli utapasuka, hata kama unaonekana mnene. Pima kipenyo cha bomba (8 mm na 6 mm ni vya kawaida), usikadirie kwa macho. Sukuma mpira upite uvimbe wa bomba, na klipu ikae nyuma ya uvimbe huo. Kufungia kipande cha tyubu ya baiskeli ni kupoteza muda. Petroli huilainisha siku hiyo hiyo.

Nyuma, angalia mpira mpana unaotoka kwenye mdomo wa kujazia. Hupasuka upande wa chini, usioonekana ukiwa umesimama. Ukijaza pomoni kisha ukapanda mlima kutoka stesheni ya reli ya Kigoma kuelekea mtaa wa Mwanga, mafuta hurudi nyuma na kufikia ufa ambao kwenye tambarare ungebaki mkavu. Kagua pia raba ya kifuniko. Na sheli, bunduki ya kujazia ikijikata, mwambie mhudumu aache. Mafuta ya ziada hulowesha chujio la mkaa linalonasa mvuke wa tenki na kuliharibu.

Tenki lenye ufa mafundi huliziba kwa sabuni ya mche. Hushika kweli, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Maji ya masika huiyeyusha, kwa hiyo ikufikishe kwa fundi tu. Asichomelee kabla ya kulishusha, kulimwaga na kuliosha hadi mvuke uishe. Tenki tupu lenye mvuke hulipuka kuliko lililojaa.

Ukimaliza, rudisha fyuzi na waya wa betri, washa dakika tano, zima, subiri kumi. Pitisha karatasi laini kwenye kila ungio uliloligusa. Ikitoka kavu, rudisha siti.